Nguruwe wa Karamu ya Bénédicte

Nakivale, 12 Februari 2011

Mwanangu Bénédicte,

Barua hii inatoka kwa watu wazima wa afya, nasi tunaamini itakukuta nawe umesimama kwa miguu yako huko Kakoba. Mama yako mkubwa Anne amepona goti, ingawa bado hushuka ziwani kwa kutegemea fimbo. Paa la nyuma lilipasuliwa na upepo wa Januari, tukaliziba. Mchungaji anakusalimu. Mimi sina ugonjwa ila ule wa miaka sitini na minane, ambao hauna dawa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Habari kwamba kijana Jonan amekuposa, na kwamba watu wake watakuja kukuchukua mwezi wa Desemba, nimezisikia. Sikuzisikia kutoka kwako. Nilizisikia uani, kinywani mwa mjomba wako Appolinaire, aliyekuwa akiwatangazia wapita njia huku ameinua simu yake juu kama mtu aliyevua kambare. Alinikuta ninanoa jembe akaniambia, nami namnukuu kama alivyosema, "Shemeji, mutoto wetu anaolewa! Amenipigia sasa hivi mu telefone!" Mtoto wetu. Nikamjibu kwamba ninajua. Sikujua.

Si vibaya tukakumbushana. Baba yako Léopold, mdogo wangu, na mama yako Orpa walipofariki katika safari ya kutoka Fizi, ulikuwa na miaka minane. Mgongo uliokubeba ni huu. Appolinaire, kaka wa mama yako, aliingia hapa kambini Nakivale mwaka 2007, wewe ukiwa umekwisha kumaliza sekondari. Alikuja na kicheko, na baadaye akapata dume la nguruwe. Hivyo viwili ndivyo alivyo navyo mpaka leo.

Unajua desturi ya ukoo wetu. Mnyama wa karamu ya kumtoa binti hutoka katika boma la aliyemlea, na mwenye mnyama ndiye asimamaye mbele ya wageni na kusema, "Huyu ni wetu, tunawapa." Kwetu Fizi alikuwa mbuzi, hapa amekuwa nguruwe, lakini maneno ni yale yale. Nina nguruwe wawili, wote majike, waliozaliwa mwezi wa Desemba. Mmoja ni wa karamu yako, mwingine ni wa kuzaa. Mahindi ya kuwanenepesha ninayo. Mwaka huu sikuyaanika uani, kwa maana ua wetu na wa Appolinaire ni mmoja, na anayeanika hadharani anamhesabia jirani. Nimeyaweka mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Nijibu kwa barua, si kwa simu ya watu. Niambie watu wa Jonan wamepewa jina la nani kama mwenye kukutoa.

Mimi baba yako mkubwa,
Nehemiya


Mbarara, 6 Machi 2011

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa Mama Mkubwa. Mwambie asishuke ziwani mpaka jua litoke, goti halipendi umande. Sisi hapa Kakoba tu wazima. Chumba changu kina jirani mpya, fundi wa pikipiki, na sasa ninaamshwa na injini badala ya jogoo. Jonan anakusalimu kwa heshima. Yeye bado ni muuguzi wa zamu, tunaonana kwa kupishana njiani.

Nisamehe kuhusu simu. Nilimpigia Mjomba nikamwomba akupelekee simu uani. Kabla sijamaliza, alikuwa amekwisha kupiga kelele. Baadaye alinieleza kwamba ulisema unajua, basi nikadhani umesikia kwa mchungaji.

Nina habari ya kazi. Mwalimu wangu hapa chuoni, Daktari Kellen, amenipa utafiti wangu mwenyewe. Nachunguza jinsi sumu ya ukungu katika chakula inavyowaathiri bakteria wanaoishi tumboni mwa nguruwe. Nieleze kidogo, maana wewe ndiye uliyenifundisha darasani kwamba asiyeweza kueleza hajaelewa. Ndani ya utumbo wa nguruwe wanaishi bakteria wengi kuliko watu wa dunia. Wapo walio ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Hao humsaidia mnyama kusaga chakula, hulinda ukuta wa utumbo, na huwanyima nafasi bakteria waletao kuhara. Sasa, mahindi yakifungwa yakiwa na maji, ukungu huota. Ukungu wenyewe hufutika ukisugua punje, lakini sumu yake hubaki ndani, haionekani, wala haiondoki kwa kupikwa. Utumbo ndio huipokea kwanza. Wale wema hupungua, wale wa kuhara hujaa. Mnyama huanza kukataa chakula, na mwenye mnyama hulaumu kila kitu isipokuwa chakula.

Naomba unisaidie. Nahitaji kinyesi kibichi kutoka boma lako na kutoka boma la Mjomba, kila kimoja katika chupa yake, pamoja na kikombe cha mahindi wanayolishwa. Chupa ziandikwe majina. Bienvenu wa lori la samaki atazileta siku hiyo hiyo.

Umesema hukuanika uani. Uliyaanika wapi?

Ni mimi mwanao,
Bénédicte


Nakivale, 10 Aprili 2011

Mwanangu Bénédicte,

Salamu nyingi. Mvua inanyesha vizuri, maharage yametoa maua. Mama yako mkubwa amefurahi kwamba unalikumbuka goti lake. Mtoto wa mchungaji amebatizwa, nami nilisoma somo la kwanza. Appolinaire aliimba. Watu walimsifu aliyeimba.

Nimesoma maelezo yako mara mbili. Yameandikwa vizuri, ingawa sentensi zako za mwisho ni fupi mno, kama za mtu anayekimbilia basi. Jambo moja sikulipenda. Nimekulea, nikakusomesha, na sasa unataka kuyapima maboma mawili, langu na la shemeji yangu, kama mwalimu anayepima madaftari. Mtu hulinganisha vitu vinavyolingana.

Hata hivyo nimekutii. Appolinaire alikuwa ziwani kufuata matumbo ya samaki, maana hivyo ndivyo anavyowalisha nguruwe wake, matumbo na magamba na kila uchafu. Nikaingia katika maboma yote mawili mimi mwenyewe, nikachukua, nikafunga, nikaandika majina. Mahindi vile vile. Bienvenu anazo.

Kuhusu swali lako la kuanika, hilo ni swali la kumwuliza Appolinaire.

Sasa habari njema. Nguruwe wangu wana miezi minne tu, na tayari wanataka dume. Wote wawili wamevimba nyuma na kuwa wekundu kama nguruwe wazima. Wale wa Appolinaire, waliozaliwa wiki moja na wangu, bado ni watoto. Nilimwita aje aone, kwa kuwa dume ni lake. Alisimama nje ya boma, maana ndani siruhusu mtu, akachungulia juu ya uzio wa miti, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu! Nguruwe yako iko na haraka ya kuolewa kupita Bénédicte!" Wanawake waliokuwa wakipita na maji walicheka pia. Mimi sikucheka. Mwenye mnyama aliyechelewa hana budi kumcheka aliyewahi.

Hukunijibu kuhusu jina. Nadhani ulisahau.

Baba yako mkubwa,
Nehemiya


Mbarara, 29 Mei 2011

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu mashine yetu iliharibika na fundi alitoka Kampala. Mimi ni mzima. Jonan alipata malaria, amepona. Mama yake ametuletea siagi ya Kinyankore. Nimewawekea kopo moja, Bienvenu atawapa.

Majibu yametoka. Chupa yenye jina lako ni safi kabisa. Bakteria wema wamejaa, na mahindi yako hayana sumu tunayoweza kuipima. Daktari Kellen alisema, "Huyu mzee anajua kufuga." Nilijivuna.

Chupa yenye jina la Mjomba ilinihuzunisha. Mahindi yake yana sumu ya ukungu nyingi kupita zote tulizopima msimu huu. Bakteria wema wamepungua, na wale waletao kuhara wameshika nafasi yao. Nilimpigia simu siku hiyo hiyo nikamwambia ayatupe yote, ya nguruwe na ya nyumbani, maana yametoka shamba moja. Aliniuliza jambo moja tu: "Ata ya batoto?" Nikasema hata ya watoto. Akasema, "Sawa, mama. Weye ndiye unajua." Jioni alinipigia kuniambia kwamba yote yamo shimoni.

Lakini kuna jambo silielewi, Baba Mkubwa. Nguruwe wa miezi minne havimbi nyuma akawa mwekundu kwa kuwahi kukua. Kuna aina ya sumu ya ukungu inayoudanganya mwili wa jike, ukavimba kama anayetaka dume, na hata akipandwa hashiki mimba. Mahindi yako ni safi, basi sijui imetoka wapi. Je, wanakula vizuri? Wanatapika? Nieleze.

Mwanao,
Bénédicte


Nakivale, 3 Julai 2011

Mwanangu Bénédicte,

Siagi imefika, tumekula na viazi. Maharage tumeyavuna. Wamefungua kisima kipya upande wa barabara, na mama yako mkubwa hatembei tena mbali kufuata maji.

Sikushangazwa na majibu. Daktari Kellen ni mtu mwenye macho. Barua yako nimeisoma mbele ya mchungaji na wazee wawili, sehemu ya matokeo tu.

Appolinaire alichimba shimo nyuma ya nyumba yake akamwaga magunia yake yote, huku watoto wake wamesimama wanatazama. Nilikuwa nimeketi barazani. Aliponyoosha mgongo aliniona. "Shemeji," akasema, "Mungu asifiwe ya kwako iko salama. Kama zote zingeharibika, tungekula nini mu ile arusi?" Hivyo ndivyo alivyosema. Sijui kama alikuwa akinidhihaki. Nimeyafikiria sana maneno hayo, na sijapata ndani yake dhihaka, jambo ambalo limenikera zaidi. Sasa wanakula muhogo, na nguruwe wake wanaishi kwa maganda na samaki. Cha ajabu, hawakondi.

Nguruwe wangu wanaendelea. Dume la Appolinaire lilimpanda mmoja wao mara mbili, na hakushika. Kosa ni la dume. Mwingine nimemwuza kwa mfanyabiashara wa Kikagate, kwa hiyo aliyebaki ndiye wa karamu yako. Hula anapotaka.

Sasa jambo limekwisha kujiamua lenyewe. Wape watu wa Jonan jina langu.

Baba yako mkubwa,
Nehemiya

Ni mimi Anne. Amekwenda kutafuta bahasha, naongeza hapa chini. Mahindi yake mimi siyapiki, yana harufu. Sikumwona mfanyabiashara yeyote wa Kikagate.


Mbarara, 14 Agosti 2011

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Salimia nyumba yote. Leo sina habari nyingi za mji.

Baada ya barua yako nilirudi maabara nikatoa mabaki ya chupa zile mbili, ambazo tulikuwa tumezigandisha. Nilichekecha kinyesi cha kila chupa kwa maji, kama Mama Mkubwa anavyochekecha unga. Katika kinyesi kilichoandikwa jina lako nilikuta magamba ya samaki aina ya ngege, mengi. Katika kile kilichoandikwa jina la Mjomba hapakuwa na gamba hata moja.

Nguruwe wako hawajawahi kula samaki. Wewe mwenyewe uliniandikia ni nani anayewalisha samaki.

Kwa hiyo mahindi yenye sumu ni yako, Baba Mkubwa, na yale yaliyotupwa shimoni yalikuwa mazima. Sikuulizi ilikuwaje. Chupa mbili zinaweza kuchanganyika mkononi mwa mtu yeyote, nami ningependa kuamini hivyo. Lakini ni mimi niliyempigia Mjomba simu nikamwambia awanyime watoto wake chakula. Sauti iliyosema "hata ya watoto" ni yangu. Siku hizi nikiwa nakula naisikia.

Usile mahindi hayo. Usimlishe mnyama yeyote. Akiachishwa mapema, bakteria wema hurudi polepole, hasa akipewa maganda, majani na chochote kilichochachuka vizuri. Bado anaweza kupona.

Sitamwambia Mjomba neno. Ninaomba chupa nyingine mbili, na safari hii zichukuliwe hivi: wewe uingie boma lake mbele ya macho yake, naye aingie boma lako mbele ya macho yako, kila mmoja achukue cha mwenzake. Baada ya hapo ndipo nitajua jina la kuwapa watu wa Jonan. Sijalisahau swali lako. Sijalisahau tangu Februari.

Hukuhitaji kunigombania. Nilikuwa wako kabla sijajua kuhesabu.

Bénédicte


Nakivale, 11 Septemba 2011

Bénédicte,

Barua imefika. Mvua zimeanza. Mama yako mkubwa hajambo. Tumepanda.

Nehemiya


Mbarara, 2 Oktoba 2011

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nafurahi kwamba mmepanda.

Siku imewekwa, tarehe kumi Desemba. Watu wa Jonan ni watu wa ng'ombe na wa taratibu. Wameuliza mara ya tatu ni nani atakayewapokea. Chupa sijazipata.

Zisipofika, nitawaambia kwamba sina baba wala mjomba, na mchungaji atanitoa. Hapatakuwa na mnyama. Hakuna atakayesimama.

Bénédicte


Nakivale, 6 Novemba 2011

Mwanangu Bénédicte,

Bwana ametuweka mpaka leo, nasi tunakuombea siku yako. Mama yako mkubwa anashona kitenge chake, na amekataa kuniambia rangi yake. Mahindi mapya yamefika magotini.

Barua yako ya mwezi jana nilikaa nayo mfukoni muda mrefu. Nilitaka kukuandikia kwamba hutumii adabu. Niliandika karatasi nzima ya aina hiyo, kisha nikaona kwamba nimeandika mambo ya haki yote isipokuwa moja, nikaitia katika moto wa jikoni.

Jumamosi asubuhi nilikwenda katikati ya ua nikamwita Appolinaire. Nilimwambia kwamba unataka chupa tena, na kwamba safari hii yeye ataingia kwangu. Alitoka na chupa mkononi na kijiti, amevaa shati la kanisani.

"Mwalimu, leo umenifungulia mulango? Ao naota?"

Nikamwambia aingie, asifanye hotuba.

Kicheko chake kiliishia mlangoni mwa boma. Nguruwe alikuwa amelala kwa ubavu, masikio yameanguka, matapishi mbele yake. Nilikuwa nimemwachisha mahindi yale baada ya barua yako ya Agosti. Kisha mwezi wa Oktoba nilimwona amekonda, karamu inakaribia, nikamrudishia. Naliandika hili kwa kuwa wewe ndiye mtafiti.

"Ile ingine iko wapi?"

"Amekufa," nikasema.

"Si ulisema umeiuzisha Kikagate?"

Alichuchumaa penye kihori, akachukua punje, akaipasua kwa ukucha, akainusa. Ndani ilikuwa ya kijivu na waridi.

"Mahindi hii ulikuwa unaichunga fasi gani?"

"Chini ya sakafu ya chumba cha kulala. Katika turubai."

"Chini ya kitanda?" Alinitazama. "Shemeji, ulikuwa unalalia mahindi sawa vile kuku analalia mayai? Na iko mubichi? Juu ya nini ulifanya vile?"

"Ili usiyaone."

Mama yako mkubwa alikuwa amesimama nyuma yetu na fimbo yake. Hakuondoka.

Appolinaire alichukua kinyesi, akafunga chupa. Akaigeuza geuza mkononi. Polepole nikamwona anafika pale ulipofika wewe kwa mashine.

"Siku ile nilitoka ku ziwa," akasema, "nikakuona unatoka mu boma yangu na chupa. Nikasema, ona, Mwalimu ananisaidia kazi." Akaitazama chupa tena. "Mahindi yangu haikukuwa na kitu."

"Hayakuwa na kitu," nikasema. "Nilibadilisha majina kwa mkono wangu. Bénédicte hakujua."

Nilitazamia anipige. Ningependa angenipiga, majirani wangemlaumu yeye. Aliiweka chupa juu ya nguzo, akatoka. Nikasikia mlango wa nyumba yake. Nikabaki na nguruwe na mama yako mkubwa, na kati yetu watatu mmoja tu ndiye aliyekuwa akinitazama, naye si mnyama.

Akarudi na beseni la maganda ya muhogo uliochachuka na mabaki ya samaki. Alikikung'uta kihori changu chote nje, akakisugua kwa majani, akakijaza. "Nguruwe haina kosa," akasema. Alipomaliza akanawa mikono katika maji yetu.

"Batoto bangu balilala njaa, Nehemiya." Tangu afike Nakivale hajawahi kuniita kwa jina. "Hiyo sitaisahau. Usinikatazie kuikumbuka."

Nikasema sitamkataza. Nikamwambia kwamba mahindi ya msimu huu, yale yanayoota sasa katika shamba langu, nusu ya mistari ni yake, na kwamba yataanikwa uani. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa habari ya hali ya hewa.

Kisha akasema: "Mu arusi utasimama weye. Ulimulea. Miye nitapika."

Nikamwambia sina mnyama. Huyu hatakuwa wa kuliwa.

"Kamata ule mukubwa wangu. Nitamuleta hapa kwako, akae mupaka siku ile, batu ba Jonan baone anatokea mu boma yako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanangu, kwa miaka minne nimemwonea mtu huyu wivu kwa ajili ya sauti yake, dume lake, simu yake, na jinsi unavyocheka ukizungumza naye. Yote hayo niliweza kuyabeba. Lakini kusimama mahali nilipopataka kwa sababu yeye amesogea, hilo sijui nilibebe vipi. Nilifikiri kukataa. Mama yako mkubwa akaniambia, "Ukikataa, atakuwa mwema zaidi. Utavumilia?" Sikukataa.

Wape watu wa Jonan jina langu, kama bado unalitaka. Nitasema maneno yote kama yapasavyo. Kabla ya maneno hayo nitawaambia wageni kwamba mnyama amefugwa na Appolinaire, kaka wa Orpa, na asimame naye aonekane. Usifikiri nimekuwa mwema. Nafikiri tu kwamba akisimama kando yangu atakuwa ameacha kunipa.

Nami niliingia boma lake mbele ya macho yake nikachukua cha kwake, na Bienvenu alizipeleka chupa zote mbili siku ile ile. Majina ameandika Appolinaire, kwa herufi mbaya sana, lakini ni ya kweli. Jike wangu ameanza kula. Jana hakutapika.

Yule wake mkubwa yuko hapa tangu Jumatatu. Ni mnyama mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Akisikia hatua za Appolinaire huinuka na kukimbilia kihori, akisikia zangu hulala chini. Basi siku hizi mimi huamka kabla Appolinaire hajafungua mlango, nikamlisha mimi kwanza kwa mkono. Umebaki mwezi mmoja. Anaweza kunizoea.

Baba yako mkubwa,
Nehemiya